Mfupa Usiotulia: Maarifa Kuhusu Ugonjwa wa Paget

Safari hii naomba tuziweke kando ngeli na tungo, tuingie katika bayolojia kwa lugha yetu wenyewe. Wako wanaosema ati Kiswahili hakiwezi sayansi. Haya, tutaona.

Ukimwuliza mwanafunzi mfupa ni kitu gani, atakwambia ni kitu kigumu na kikavu, kama kile tunachomtupia mbwa baada ya mlo. Huo ni mfupa uliokufa. Mfupa ulio ndani yako uko hai, una damu, mishipa ya fahamu na seli zake, na hautulii hata siku moja. Kila wakati sehemu ndogo ndogo zilizochakaa hubomolewa na mpya kujengwa mahali pake. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja kwa kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka.

Kazi hiyo ina mafundi wa aina mbili. Kuna seli ziitwazo osteoklasti. Hizi ni wabomoaji, nazo hula mfupa wa zamani. Kisha zinafuata osteoblasti, yaani wajenzi, ambazo hutandaza protini na kuiimarisha kwa madini ya kalsiamu na fosfeti. Maadamu mafundi hawa wanakwenda sambamba, mwenye mwili hana habari.

Sasa hebu tazama mambo yanapokwenda mrama. Katika ugonjwa wa Paget, wabomoaji huwa wengi na wakubwa kupita kiasi, nao hula mfupa kwa pupa. Wajenzi nao wanakimbilia kuziba mapengo. Umewahi kuona jengo linalojengwa mbiombio kwa sababu mgeni rasmi anakuja Ijumaa? Kuta zinapanda kweli, lakini timazi haikutumika. Basi na mfupa huu ni vivyo hivyo: unanenepa, lakini nyuzi zake zimepangwa ovyo, kwa hivyo ni dhaifu. Mnene na dhaifu kwa pamoja! Wa paja au wa muundi hupinda kwa uzito wa mwili, na huweza kuvunjika kwa jambo dogo. Damu nayo huwa nyingi pale, hata ngozi iliyo juu yake ikaguswa na kuonekana ina joto.

Jina la ugonjwa limetokana na James Paget, daktari mpasuaji wa London, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1877. Mgonjwa wake mmoja alimjia kwa mara ya kwanza mwaka 1856, na daktari akamfuatilia kwa miaka ishirini. Miguu ilipinda polepole, na kichwa kikakua. Tunajuaje? Kwa kofia, jameni! Mwaka 1844 kofia yake ilikuwa ya inchi 22 na nusu. Kufikia 1876 alihitaji ya inchi 27 na robo. Akili yake lakini ilibaki timamu. Paget alidhani ni uvimbe wa mfupa unaotokana na muwasho wa muda mrefu, lakini siku hizi tunajua kwamba kasoro iko kwa wale wabomoaji. Tangu mwaka 2002 inajulikana pia kuwa wagonjwa wengine wamerithi hitilafu katika jeni iitwayo SQSTM1.

Ugonjwa huu huwapata hasa watu waliopita miaka hamsini, nao umeenea zaidi Uingereza, hususan Lancashire, na vilevile Australia na New Zealand walikohamia Waingereza. Afrika ni nadra sana. Kwa hivyo ukimwona mtoto mwenye matege, usikimbilie kumpachika jina la Paget. Huyo huenda amekosa vitamini D, na hilo ni somo jingine.

Wengi walio nao hawaumwi popote. Hugunduliwa kwa bahati tu, pengine walipopigwa eksirei kwa shida nyingine, au damu ilipopimwa ikaonekana ina kimeng'enya kingi cha alkalaini fosfatasi, kinachotolewa na wajenzi wakiwa kazini. (Na sisi tunaorefuka bado tunacho kingi kuliko wazee wetu, wala si ugonjwa.) Wengine huumwa mfupa hata wakiwa wamelala, au viungo vya karibu kama nyonga na goti huchakaa. Ukiwa kwenye fuvu, huweza kuleta uziwi. Habari njema ni kwamba kwa kawaida haurukii mifupa mipya. Hubaki kwenye ile ile ulikoanzia.

Je, unatibika? Dawa zake kuu ni za jamii ya bisfosfoneti, ambazo huwatuliza wabomoaji. Asidi ya zoledroniki hutolewa kwa dripu mara moja, miligramu 5, na nafuu yake huweza kudumu miaka kadhaa. Siku mbili tatu za kwanza mtu huenda akahisi homa na uchovu. Kabla ya dripu daktari hupima figo na kuhakikisha kalsiamu na vitamini D zinatosha. Risedroneti ni tembe: humezwa kwa maji matupu, si kwa maziwa, kwani kalsiamu huizuia isiingie mwilini, na mgonjwa hakai akalala kwa nusu saa ili isimchome umio.

Lakini dawa hainyoshi mfupa uliokwisha kupinda, wala hairudishi masikio yaliyoziba. Tena utafiti wa Uingereza uitwao PRISM, uliochapishwa 2010 baada ya kufuatilia wagonjwa zaidi ya 1,300, ulionyesha kwamba kumpa mtu dawa nyingi ili vipimo vya damu tu virudi sawa hakukuwapunguzia watu kuvunjika wala maumivu kuliko kuwatibu wanapoumwa. Ndiyo maana asiyeumwa mara nyingi huachwa, akaangaliwa tu. Anayeumwa hupewa dawa, na kwa mengine kuna fimbo ya kutembelea, kiatu kilichoinuliwa soli upande mmoja, kifaa cha kusikilizia, au nyonga ya bandia. Jambo moja halingoji: mfupa wa zamani ukianza ghafla kuuma zaidi na kuvimba, mgonjwa amwone daktari upesi, kwani kwa wachache, pungufu ya mmoja kwa mia, huwa ni saratani imeingia. Yule bwana wa kofia ndiyo iliyomwua.