SOMO LA KIKUNDI: GARI KUUKUU NA "DAWA" YA OILI



Vikundi vingi vya vijijini hujinunulia gari kuukuu la kupeleka ndizi na mboga sokoni, toka huku Nyaramba hadi Keroka na Kisii. Vingine vina injini ya dizeli ya kusaga mahindi. Moshi ukianza, hakosi mtu wa kuja na kikopo akisema, "Mwageni hii kwa oili, injini itarudi mpya." Pesa za kikopo hicho ni akiba ya wanachama wote. Basi tujifunze kabla ya kununua.

1. OILI HUFANYA KAZI GANI?
Oili hulainisha vyuma visisagane, hupunguza joto, hubeba uchafu mpaka kwa filta, na huziba nafasi ndogo kati ya ringi na silinda. Oili nzuri hutoka kiwandani ikiwa tayari imetiwa dawa za kusafisha na za kuzuia chuma kulika. Kuongeza nyingine juu yake kunaweza hata kuharibu mchanganyiko huo.

2. KIKOPO KINASAIDIA NINI?
Dawa nyingi hufanya oili iwe nzito. Oili nzito haipenyi upesi kwenye ringi zilizolika, kwa hivyo moshi hupungua na kelele hutulia kwa muda. Nyingine hulainisha sili za mpira zilizokauka, na uvujaji mdogo hupungua. Lakini chuma kilicholika hakioti tena. Ni kama dawa ya maumivu kwa jino bovu: usiku utalala, lakini jino bado limeoza.

Hata nchi tajiri zimeliona jambo hili. Mwaka 1996 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi ilishtaki kampuni ya Quaker State kwa matangazo ya dawa yake ya Slick 50. Tume ilisema madai kwamba dawa hiyo huzuia injini kulika hayakuwa na uthibitisho wa kutosha. Mwaka 1997 kampuni ilikubali mapatano na kuacha madai hayo.

3. TUSOME DALILI
- Moshi wa bluu: injini inachoma oili. Ringi, silinda ama sili za valvu zimechoka.
- Moshi mweusi: mafuta yanazidi hewa. Angalieni kwanza filta ya hewa.
- Oili imekuwa kama chai ya maziwa: maji yameingia. Msiwashe injini, mwiteni fundi.

Dalili hizi mbili za mwisho haziponi kwa kikopo chochote.

4. TUFANYE NINI?
a) Wekeni daftari. Dereva apime oili kwa kijiti kila asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Aandike kilomita na oili aliyoongeza.
b) Tumieni oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa injini ya petroli iliyochoka, fundi anaweza kushauri iliyo nzito kidogo, kama 20W-50. Mara nyingi hiyo hufanya kazi ya kikopo. Badilisheni oili na filta pamoja, kwa wakati.
c) Kabla ya kufungua injini ya petroli, fundi apime kompresheni. Kisha atie kijiko cha oili ndani ya silinda, apime tena. Kipimo kikipanda, ringi ama silinda zimelika. Kisipopanda, shida yaelekea iko kwa valvu ama gasketi. Hivyo hamtalipia kazi isiyohitajika.
d) Oili chafu isimwagwe shambani wala karibu na chemchemi tunakoteka maji. Iwekwe kwa jerikeni, ipelekwe kwa gereji inayokusanya.

MASWALI YA KUJADILI
1. Mwaka uliopita tulitumia pesa ngapi kwa vikopo na oili ya kuongeza? Mweka hazina asome risiti.
2. Ringi mpya pamoja na kazi ya fundi zingegharimu ngapi? Ulizeni mafundi wawili.
3. Kama gari linakula zaidi ya linaloleta, je, tulitengeneze, tuliuze, ama tukodishe la wengine siku za soko?

Swali la tatu ni gumu, maana gari ni heshima ya kikundi. Lakini kila mwanachama apewe nafasi ya kusema, hata yule ambaye hajawahi kushika usukani. Hisa yake imo humo.