Usemi Halisi na Usemi wa Taarifa: Mwanafunzi wa Meru na Embu kati ya Lugha Tatu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Meru au Embu hujifunza sarufi akiwa na lugha tatu: Kimeru au Kiembu cha nyumbani, Kiswahili, na Kiingereza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, kama kilivyokuwa Kiingereza. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, matumizi ya lugha hubeba alama 40 kati ya 80, na kugeuza usemi ni miongoni mwa maswali yanayojitokeza humo mara kwa mara. Makala haya yanalinganisha kanuni za ugeuzaji katika Kiingereza na Kiswahili, na kubainisha mahali ambapo mwanafunzi hujikwaa.

Kanuni za Kiingereza

Usemi halisi hunukuu maneno ya msemaji jinsi alivyoyatamka. Usemi wa taarifa huyaeleza kwa kinywa cha mtu mwingine. Tuchukue sentensi hii: Kawira said, "I will sell my coffee tomorrow." Ikigeuzwa huwa: Kawira said that she would sell her coffee the following day. Mambo manne yamebadilika: alama za mtajo zimeondoka, nafsi ya kwanza imekuwa ya tatu, kitenzi kimerudi nyuma hatua moja ya wakati, na neno la "kesho" limekuwa "siku iliyofuata".

Swali nalo hupoteza muundo wake wa kuuliza. "Where are you going?" huwa: He asked me where I was going. Wanafunzi wengi huandika "where was I going", kwa kuwa hubadilisha wakati lakini wakasahau kurejesha kiima mbele ya kitenzi. Kosa hili halishangazi. Katika Kiswahili, "unakwenda wapi?" huwa "aliniuliza nilikuwa nikienda wapi", na mpangilio wa maneno haugeuki.

Kanuni za Kiswahili na Utata wa -nge-

Vitabu vya shule nchini Kenya hufundisha kwamba -ta- hugeuka kuwa -nge-. Hivyo, "Nitauza kahawa yangu kesho" huwa: Kawira alisema kwamba angeuza kahawa yake siku iliyofuata. Kanuni hii inafanana mno na ile ya Kiingereza, na hapa ndipo penye hoja ya kujadiliwa. Katika mazungumzo na hata magazetini, Mswahili husema bila wasiwasi "alisema atauza". Aidha, -nge- kwa kawaida huonyesha sharti. Asikiaye "Kawira alisema angeuza kahawa yake" anaweza kungoja kuambiwa kilichomzuia.

Je, mwanafunzi afanyeje? Katika mtihani, afuate kanuni aliyofundishwa, kwa maana ndiyo inayotarajiwa. Nje ya mtihani, apime maana. Ikiwa ahadi bado haijafikia wakati wake, -ta- hutosha. Ikiwa wakati wake umekwisha kupita, -nge- huweza kufaa, mradi muktadha uondoe dhana ya sharti. Kiingereza chenyewe huruhusu wakati usirudi nyuma pale ambapo jambo lililosemwa bado ni kweli.

Athari ya Lugha ya Kwanza

Kiembu na Kimeru ni lugha za Kibantu za kundi moja na Kikuyu na Kikamba. Guthrie aliziainisha kama E52 na E53. Katika lugha za Mlima Kenya, "ati" huunganisha kauli ya taarifa pasipo kuitilia shaka. Mwanafunzi anapoandika "Mwalimu alisema ati ni mgonjwa", hakusudii dharau yoyote. Hata hivyo, "ati" ya Kiswahili huashiria kwamba msimulizi hasadiki anachokisimulia. Neno dogo limegeuza taarifa kuwa kejeli. "Kwamba" au "kuwa" ndiyo yafaayo.

Nafsi na Haki ya Msemaji

Tatizo zito zaidi limo katika nafsi. Mwenda alimwambia Njeru, "Mbuzi wako wamekula mahindi yangu." Anayefuata kanuni kikasuku ataandika: Mwenda alimwambia Njeru kwamba mbuzi wake walikuwa wamekula mahindi yake. Mbuzi ni wa nani? Mahindi je? Mlalamikaji na mlalamikiwa wamechanganyika, na Kiingereza hakimwokoi mwandishi, maana "his" nayo ina utata uo huo. Mbele ya baraza la wazee kama Njuri Ncheke ya Wameru, au mahakamani, kauli ya namna hii inaweza kumtwika mtu deni lisilo lake. Dawa ni kutaja jina: Mwenda alimwambia Njeru kwamba mbuzi wa Njeru walikuwa wamekula mahindi yake yeye Mwenda.

Hitimisho

Imebainika kwamba kugeuza usemi si kubadilisha viambishi tu. Ni kubeba neno la mtu hadi kwa mwingine bila kulipunguza wala kuliongeza. Walimu wa Meru na Embu wanahimizwa kuzilinganisha lugha tatu waziwazi darasani, na baada ya kila zoezi wamwulize mwanafunzi: ni nani aliyesema, kwa nani, na kuhusu kitu cha nani? Anayeweza kujibu hayo matatu kutokana na sentensi aliyoiandika amegeuza usemi barabara.