Makazi yenye Usaidizi kwa Vijana Walio Hatarini: Mfano wa Halmashauri za England

Kijana wa miaka 17 mwenye kisukari cha aina ya kwanza analetwa hospitalini kwa mara ya tatu katika mwaka mmoja, sukari ikiwa juu mno na damu yake imejaa asidi. Anapewa maji kwa njia ya mshipa pamoja na insulini, anapata nafuu baada ya siku chache, na daktari anaandika katika faili kwamba mgonjwa hafuati masharti ya dawa. Huu ni mfano tu, lakini kila aliyewahi kufanya kazi wodini anautambua. Kisichoandikwa katika faili ni kwamba kijana huyo alifukuzwa nyumbani, kwamba leo hulala kwa rafiki huyu na kesho kwa mwingine, na kwamba hana jokofu wala saa maalumu ya kula. Kalamu ya insulini iliyokwisha kuanza kutumika huweza kukaa nje ya jokofu kwa takribani wiki 4 mahali pasipo na joto kali, ila akiba iliyobaki huhitaji ubaridi. Zaidi ya hayo, ni vigumu kupanga kipimo cha sindano kwa mtu asiyejua kama jioni atakula.

Tatizo la namna hii halitibiki kwa kuongeza dozi. Nchini Uingereza, hasa England (kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao), jibu lililojengwa kwa miaka mingi ni makazi yenye usaidizi, na mzigo mkubwa wa kuyapanga umewekwa mabegani mwa halmashauri. Makazi hayo si kituo cha kulelea watoto, wala si bweni la kulala usiku mmoja. Kijana ana chumba chake na ufunguo wake. Papo hapo yupo mfanyakazi anayemkumbusha miadi ya kliniki, anayemfundisha kupika na kupanga fedha, na anayegundua mapema kwamba kijana hajatoka chumbani kwa siku tatu. Kwa tabibu, huyo mfanyakazi ana thamani kuliko paa lenyewe, na ndiye anayeondolewa kwanza fedha zinapopungua.

Sababu ya hali hiyo imo katika namna gharama zinavyogawanywa. Kodi ya chumba hulipwa kwa kiasi kikubwa na posho ya nyumba, ambayo halmashauri huitoa na serikali kuu huirejesha. Gharama ya usaidizi, yaani mshahara wa yule mfanyakazi, hailipwi na posho hiyo. Hutoka katika bajeti ya halmashauri. Mwezi Aprili 2003 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Supporting People, ukiwa na takribani pauni bilioni 1.8 kwa mwaka, fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo na zisizoruhusiwa kuhamishiwa kwingine. Mwaka 2009 kizuizi hicho kiliondolewa. Halmashauri zikapewa uhuru wa kuamua, na muda mfupi baadaye, mwaka 2010, ruzuku ya serikali kuu ikaanza kukatwa. Uhuru wa kutumia fedha unaofuatwa na upungufu wa fedha ni uhuru wa kuchagua nani aachwe. Halmashauri ambayo sheria inailazimisha kugharimia matunzo ya wazee na ulinzi wa watoto haiwezi kukwepa hayo. Usaidizi wa kijana wa miaka 19 katika chumba chake ulikuwa rahisi zaidi kufutwa, kwa sababu hakuna sheria iliyoutaja kwa jina lake.

Hata hivyo, wapo vijana ambao sheria inawataja. Mwezi Mei 2009 majaji wa Baraza la Malodi, katika shauri lililoihusu halmashauri ya Southwark jijini London, waliamua kwamba mtoto wa miaka 16 au 17 asiye na makazi kwa kawaida ni jukumu la idara ya watoto chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, na kwamba halmashauri haiwezi kulikwepa jukumu hilo kwa kumpeleka tu kwenye idara ya nyumba. Tofauti ya milango hiyo miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayepitia idara ya nyumba hupata chumba. Anayepitia idara ya watoto hupata chumba pamoja na hadhi ya mtoto aliye chini ya uangalizi, na akikaa humo kwa muda unaotakiwa na sheria hubaki na haki za kusaidiwa baada ya kutimiza miaka 18. Mshauri wake binafsi huweza kuendelea naye hadi miaka 25. Kijana anaweza kukataa njia hiyo ya pili, na wengine huikataa kwa kuwa hawataki kuitwa watoto. Ndiyo maana ni muhimu aelezwe kwanza anachokikataa, kwa lugha anayoielewa.

Pale fedha za usaidizi zilipokauka, lilizuka soko jingine. Kanuni za posho ya nyumba huruhusu kodi ya juu zaidi pale mwenye nyumba asiye mfanyabiashara, kama vile taasisi ya hisani, anapotoa matunzo au usaidizi unaozidi kiwango kidogo kabisa. Maneno hayo yalikuwa legelege, na wapo walioyatumia kujaza nyumba watu wenye shida huku usaidizi wenyewe ukiwa ni kupigiwa simu mara moja kwa wiki. Birmingham ilijulikana sana kwa tatizo hilo. Kijana anayetoka wodi ya magonjwa ya akili akawekwa nyumba moja na watumiaji wa dawa za kulevya hajapata makazi yenye usaidizi, hata kama fomu inasema hivyo. Bunge lilipitisha sheria ya usimamizi wa makazi hayo mwaka 2023, ikizipa halmashauri uwezo wa kutoa leseni. Kwa walio na miaka 16 na 17 chini ya uangalizi, tangu Oktoba 2023 watoa huduma wanatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa na Ofsted, chombo kilekile kinachokagua shule.

Mhudumu wa afya anaingia wapi? Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya mwaka 2017 ilileta kitu ambacho mafunzo ya udaktari hayakukizoea. Tangu Oktoba 2018, idara za dharura na hospitali zinazolaza wagonjwa England zinapaswa kumuuliza mgonjwa anayeonekana hana makazi, au yu karibu kuyapoteza, kama anaridhia taarifa zake zipelekwe halmashauri. Akiridhia, huchagua mwenyewe halmashauri ipi, na hospitali hupeleka rufaa. Rufaa hiyo haimhakikishii chumba; inailazimu halmashauri ijue mapema kwamba yupo. Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna wajibu wa ziada wa ulinzi wa mtoto, ambao hausubiri ridhaa pale mtoto anapokuwa hatarini.

Rufaa hizo zinaposhindwa, mara nyingi kosa liko katika muda. Muuguzi anauliza siku ya kuruhusiwa, saa nane mchana, siku ya Ijumaa. Swali hilo ni la siku ya kulazwa, kama vile swali la mzio wa dawa.

Tanzania Bara haina mfumo unaofanana na huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto wa eneo lao, lakini mtu akitimiza miaka 18 si mtoto tena. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mikopo ya vikundi vya uzalishaji; haimlazi mtu. Aliyepo ni afisa ustawi wa jamii, na mara nyingi huitwa mgonjwa akishashindwa kulipa gharama. Anaweza kuitwa mapema zaidi.

Kinachomsaidia afisa huyo, kama kinavyomsaidia mwenzake wa England, ni barua inayosema mambo mahususi. "Kijana hana makazi na anahitaji msaada" haimwambii mpokeaji chochote cha kutenda. Barua iandike kwamba anajidunga insulini mara 4 kwa siku, anahitaji jokofu na mlo wa uhakika, amelazwa mara 3 kwa sababu ileile, tarehe ya kliniki ijayo, ni nani anayemwamini, na ni nyumba ipi asirudishwe.