Diski za ordinatere mupya: tuchague kabla ya kununua

Kooperative nyingi zinanunua ordinatere yao ya kwanza. Mwuzaji anauliza: diski gani? Wengi wanajibu: ile kubwa. Tunaomba mungojee kidogo.

Ndani ya diski ya zamani, HDD, muko sahani inayozunguka mara 5400 ao 7200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma karibu sana nayo bila kuigusa. Ukiigonga ingali inazunguka, inaweza kukwaruzika. SSD haina kitu kinachozunguka. Inafungua kazi mbio na inavumilia kutikiswa. Kwa bei ileile inabeba kidogo, lakini hiyo isiwatishe: kilo za kahawa na deni za wanachama 500 hazichukue nafasi kubwa. SSD ya GB 256 inatosha.

Wengine watawaonyesha mashini yenye diski mbili. Muulize zimefungwa namna gani. RAID 0 inagawanya kila kazi juu ya diski zote mbili. Moja ikifa, yote imepotea. Hiyo mukatae. RAID 1 inaandika kitu kimoja pande zote mbili. Moja ikifa, ingine inaendelea. Ni vizuri, lakini si akiba! Sekretere akifuta liste ya deni kwa kosa, inafutika pande zote mara moja.

Tuliona hiyo katika kooperative moja, katikati ya mavuno. Radi ilipita ndani ya waya, diski mbili zikafa pamoja. Wakulima walikuwa wameleta kahawa na hawajalipwa. Zilibaki karatasi za mizani tu, na wale waliopoteza karatasi yao walibishana na komite wiki nyingi.

Kwa hiyo, makuta ya diski ya pili mununue HDD ya nje, ile ya waya wa USB. Hapo HDD inafaa, juu haitembei sana. Nani anaweka mbegu yote ya maharagwe katika gala moja? Kila Ijumaa sekretere anakopi, anaichomoa, na mutunza makuta anaiweka katika nyumba ingine. Isibaki imechomekwa: radi na virusi vinapita njia hiyohiyo. Mara moja kwa mwezi, muifungue katika ordinatere ya mutu mwingine, muone kama liste inasomeka kweli. Na karatasi za mizani musizitupe.