Pedi na Diski za Breki: Soma Kabla ya Kununua

Mji wa Lushoto uko juu milimani, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mombo, kwenye barabara kuu, iko chini ya mita 500. Kutoka Lushoto kuteremka mpaka Mombo ni kilomita 33 hivi, na njia ni kona tupu. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde. Magari ya kabichi, karoti na viazi hupita hapo. Kabla ya kufika kwenye lami, mengi yameshapita njia za udongo, mawe na vijito huko vijijini.

Pengine wewe hukai Lushoto. Pengine unapita Kitonga huko Iringa, au Sekenke huko Singida, au mteremko wa kijijini kwenu usio na jina. Mambo ni yale yale. Kupanda mlima kunataka injini. Kuteremka kunataka breki.

Baadhi ya vikundi vya wakulima vina gari la pamoja. Gari linaponunuliwa, watu hushangilia. Lakini zikifika siku za kununua pedi na diski za breki, mtu mmoja hutumwa dukani na kuambiwa, "Tafuta za bei ndogo." Leo tujifunze kuchagua vizuri. Wewe umesoma kisomo. Elimu hiyo hiyo inaweza kuokoa roho za watu.

BREKI HUFANYAJE KAZI?

Diski ni sahani nzito ya chuma. Imefungwa pamoja na gurudumu, na huzunguka pamoja nalo. Pedi ni vipande viwili vinavyokaa huku na huku ya diski. Dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pedi, nazo huibana diski. Gari hupunguza mwendo.

Magari mengi ya porini yana diski kwenye magurudumu ya mbele. Nyuma, mengine yana diski, mengine yana dramu. Somo letu la leo ni la diski, lakini fundi akilifungua gari, akague na dramu pia.

Hebu sugua viganja vyako kwa nguvu. Unasikia joto? Ndivyo ilivyo kwa breki. Breki haiumezi mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto.

Joto hilo ni kiasi gani? Chukua gari la tani 3 pamoja na mzigo wake. Literemshe mita 900, kama kutoka Lushoto mpaka Mombo. Kama joto lote la mteremko huo lingeingia kwenye maji, lingeweza kuchemsha karibu madebe manne ya lita 20. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na injini, ikiwa dereva ametia gia ndogo. Inayobaki, nyingi inaingia kwenye diski na pedi. Ndiyo maana pedi inayofaa kwa gari dogo la mjini haifai kwa gari lenu la mizigo.

MAZUNGUMZO GEREJI

Tuchukue mfano. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha wakulima, amekwenda gereji kuliona gari la kikundi. Ametoka dukani na sampuli mbili za pedi.

Fundi: Shikamoo mama.

Mweka hazina: Marahaba mwanangu. Habari za kazi?

Fundi: Nzuri mama. Gari lenu nimelifungua. Hebu tazama mwenyewe. Pedi hii ikiwa mpya, kitambaa chake huwa na unene wa milimita 10 au zaidi. Sasa kimebaki kama njiti ya kibiriti.

Mweka hazina: Njiti ya kibiriti ni milimita ngapi?

Fundi: Karibu 2. Ikibaki 3 ndiyo wakati wa kubadilisha. Nyinyi mmechelewa.

Mweka hazina: Dereva alisema gari linalia kama filimbi. Sisi tukadhani ni vumbi.

Fundi: Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma. Kitambaa kikiisha, ulimi huo hugusa diski na kulia. Ile ni sauti ya kuwaita gereji. Mkingoja mpaka msikie mkwaruzo, basi chuma kinakula chuma.

Mweka hazina: Haya, tumekosa. Sasa nimekuta pedi za namna mbili. Hizi seti ni shilingi 40,000. Hizi ni 90,000. Kikundi kimenipa shilingi 100,000 tu, na Jumatano tunapeleka kabichi. Nikirudi na za 90,000, wenzangu wataniuliza.

Fundi: Wana haki ya kuuliza, nawe uwe na jibu. Soma pembeni ya pedi. Pameandikwa nini?

Mweka hazina: Hii ya 40,000 ina namba ndefu, halafu F na E. Hii ya 90,000 ina F na F.

Fundi: Sawasawa. Herufi ya kwanza inaonyesha nguvu ya kushika pedi ikiwa na joto la kawaida. Herufi ya pili inaonyesha nguvu yake ikipata moto. E ni kushika kidogo. F ni zaidi. G ni zaidi ya F.

Mweka hazina: Kumbe! Basi hii ya FE huanza na nguvu ya F, halafu ikipata moto inashuka mpaka E.

Fundi: Ndivyo. Na wewe unataka ishike wakati gani? Ukitoka nyumbani asubuhi, au ukiwa katikati ya mteremko na kabichi mgongoni?

Mweka hazina: Katikati ya mteremko. Basi FF ndiyo nzuri kuliko zote?

Fundi: Hapana mama. Herufi hazisemi pedi itadumu muda gani, wala hazisemi kama ni ya kweli au ya bandia. Ni jambo la kwanza la kusoma, si la mwisho. Sasa tufanye hesabu. Katika daftari langu, pedi kama hizi za 40,000 kwenye gari kama lenu zilikwisha baada ya kilomita 10,000. Zile za 90,000 zilifika kilomita 30,000.

Mweka hazina: Ngoja niandike. Kwa kilomita 30,000 tutanunua za 40,000 mara tatu. Hiyo ni shilingi 120,000. Zile nyingine tutanunua mara moja, shilingi 90,000. Ala! Za bei ndogo ndizo ghali.

Fundi: Na bado hujanilipa mimi kufunga mara tatu. Lakini mama, kuna jambo jingine. Tazama diski. Imeandikwa MIN TH 20. Maana yake, isiwe nyembamba kuliko milimita 20. Nimeipima kwa kalipa ya kupimia. Ni 19.

Mweka hazina: Kwa hiyo?

Fundi: Diski hizi zimekwisha. Nikifunga pedi mpya juu yake, nitakuwa nawadanganya.

Mweka hazina alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Fedha hazitoshi. Basi gari lisitoke. Jumatano tutakodi gari la jirani. Faida itapungua, lakini watu watarudi. Jioni nitaitisha mkutano tuchange fedha za diski."

Bei na kilomita za mazungumzo haya ni za mfano. Kwenu zitategemea njia, mzigo na dereva. Lakini hesabu yenyewe ifanyeni daima kwa namna hiyo.

KUCHAGUA PEDI

Pedi zinazouzwa sana ni za namna tatu.

1. Pedi za nyuzi na gundi ngumu. Hizi hazina kelele na bei yake ni ndogo. Hazili sana diski. Lakini zikipata moto mwingi hupoteza nguvu upesi. Zinafaa gari jepesi la njia tambarare.

2. Pedi zilizochanganywa na chuma. Hizi huvumilia joto zaidi. Zina kelele kidogo, hutoa vumbi jingi, na hula diski zaidi. Kwa gari la mizigo, milima na matope, mara nyingi hizi ndizo za kuchagua.

3. Pedi za kauri. Hazina kelele, na vumbi lake ni kidogo. Bei yake ni kubwa. Zinafaa zaidi magari ya kawaida ya abiria kuliko gari linalobeba mzigo mzito.

Zamani pedi nyingi zilitiwa asibesto. Vumbi la asibesto huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Nchi nyingi zimeipiga marufuku, lakini pedi kuukuu zinaweza kuwa nayo. Kwa hiyo usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishe kwa maji, kisha lifute kwa kitambaa na ukitupe.

Ukiwa dukani, fanya hivi:

Nenda na pedi ya zamani, uilinganishe na mpya. Nenda pia na namba ya chesesi ya gari. Soma jina lililo kwenye boksi, herufi kwa herufi. Watengenezaji wa bandia mara nyingi hukosea herufi moja. Tazama kama boksi na pedi vina namba inayofanana. Pedi zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara, na namba inayoanza na 90R. Alama hiyo nayo inaweza kuigwa, kwa hiyo itafute pamoja na alama nyingine. Kitambaa kikiwa na ufa, au kinaachana na bati lake, kirudishe. Dai risiti.

KUCHAGUA DISKI

Diski nyingine ni chuma kitupu. Nyingine ni kama mkate uliowekwa nafasi katikati, ili hewa ipite na kupunguza joto. Kama gari lako lilitoka kiwandani na diski za nafasi, usifunge za chuma kitupu.

Utaona pia diski zilizotobolewa matundu. Zinapendeza macho. Lakini kwenye matope matundu huziba, na ufa hupenda kuanzia penye tundu. Nyingine zimechorwa mifereji. Hizi husaidia kufuta maji na matope, lakini hula pedi upesi. Kwa gari la kijiji, diski isiyo na matundu, ya mtengenezaji anayeaminika, inatosha kabisa.

Diski ikiwa na mikwaruzo au imepinda, fundi anaweza kuikereza kwa mashine. Lakini kukereza ni kupunguza. Ikishuka chini ya ile namba ya MIN TH, itupe. Diski yenye ufa haikerezwi. Itupe.

SIKU YA KUFUNGA

Badilisha magurudumu mawili ya ekseli moja kwa pamoja, kulia na kushoto. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litavuta upande. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yaondoe kwanza. Usishike kitambaa cha pedi kwa mikono yenye grisi.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta njia tambarare isiyo na magari. Punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka 10, kama mara kumi, ukiziacha zipoe kidogo kila mara. Kama boksi lina maelezo yake, fuata hayo. Usiende mteremkoni na mzigo siku hiyo hiyo.

Kagua na mafuta ya breki. Soma kifuniko cha kopo lake garini: DOT 3 au DOT 4. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka penye nyuzi 140. Kwa hiyo yabadilishe kila baada ya miaka 2. Usitie kamwe oili ya injini. Itaharibu raba zote za breki.

NJIANI

Teremka kwa gia ndogo, ile ile ambayo ungepandia. Usitoe gia ili kuokoa mafuta. Kumbuka, mwendo ukiwa mara mbili, joto la kusimamisha gari ni mara nne. Ukitoka mtoni, kanyaga breki polepole mara chache ili zikauke.

Kanyagio likiwa gumu lakini gari halipungui, pedi zimezidiwa na joto. Kanyagio likizama mpaka chini, huenda mafuta yamechemka au yanavuja. Kwa yote mawili, punguza gia, simama mahali salama, weka kigingi kwenye gurudumu, ngoja zipoe. Usimwage maji baridi kwenye diski ya moto. Inaweza kupasuka. Kama kanyagio lilizama, gari lisiendelee na safari mpaka fundi alione.

Ndugu msomaji, gari lisilowaka huchelewesha mzigo. Gari lisilosimama huua. Ukitumwa dukani, chukua kalamu, daftari na pedi ya zamani. Soma kabla ya kutoa fedha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pedi imeandikwa GF. Nguvu yake inaongezeka au inapungua ikipata moto?
2. Diski imeandikwa MIN TH 18. Umeipima ukapata milimita 17. Utafanya nini?
3. Pedi za shilingi 50,000 hudumu kilomita 12,000. Za shilingi 80,000 hudumu kilomita 24,000. Kwa kilomita 24,000, zipi ni rahisi, na kwa shilingi ngapi?
4. Je, gari la kikundi chenu lilikaguliwa breki lini? Nani anaandika tarehe hiyo?