Kabla hujakodi Canter ya mzigo, soma hii

Wauzaji wenzangu, tukitafuta gari ya mzigo wengi tunauliza bei tu. Hata mimi, mpaka siku mananasi yangu ya Kiwangwa yalipokwama Kerege.

Nilikuwa na oda za WhatsApp kuanzia Tegeta mpaka Sinza, wengi wameshalipa nusu. Nikachukua Canter iliyokuwa rahisi kwa elfu 20. Kufika Kerege, trafiki akapiga mkono. Akaanza na leseni ya dereva, bima, halafu akainama kwenye matairi. La nyuma kushoto kipara kabisa, taa ya breki haiwaki. Kuingiza namba ya gari kwenye mfumo, kuna faini za zamani hazijalipwa. Makosa mapya nayo, kila moja elfu 30. Dereva anampigia tajiri wake, hapokei. Gari haliondoki.

Jua la saa sita na mananasi yaliyoiva, mnajua wenyewe. Nikatafuta gari nyingine, tukafaulisha mzigo pale pale barabarani. Nimefika mjini saa kumi na moja jioni, wateja watano wakadai hela yao, nikarudisha. Ile elfu 20 niliyookoa hata sikuiona.

Askari simlaumu. Barabara ile imejaa boda na watoto wa shule wanaovuka.

Siku hizi jioni ya kuamkia safari naomba namba ya gari, naangalia deni mwenyewe mtandaoni kwenye mfumo wa polisi, TMS. Dakika mbili tu. Naomba picha za matairi yote, stika ya bima, leseni ya LATRA ya kubeba mizigo, na leseni ya dereva: daraja liwe la gari hilo, siyo la gari ndogo. Asubuhi kabla ya kupakia nasimama nyuma, dereva akanyage breki nione taa. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto navishika kwa mkono, maana "ipo" ya dereva siyo ipo.

Kama njia yako ina mizani, kumbuka sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 inagusa magari kuanzia tani 3.5, na hapo gari lenyewe linahesabiwa pamoja na mzigo. Wengi tunapiga hesabu ya mzigo peke yake.

Juzi mwenye gari mmoja kakataa kutuma picha za matairi, eti namsumbua. Nikapigia mwingine.