SOMO LA KIKUNDI: TUPIME TUNAVYOJUA KUHUSU HALI YA ANGA NA AFYA



Siku moja nilikuwa na kikundi hapa karibu na Kibomet. Niliuliza, "Nani amesikia juu ya mabadiliko ya hali ya anga?" Mikono yote ikainuka. Nikaandika kwa daftari: wote wanajua. Baada ya chai mama mmoja akanivuta kando. "Mwalimu, mtoto wangu ana homa, leo siku ya tatu. Nampa dawa ya mafua. Malaria si ni ya kule Bungoma?" Tulimpeleka zahanati saa hiyo hiyo. Kipimo kikaonyesha malaria. Mtoto alipona, lakini daftari langu lilikuwa limenidanganya. Mama yule pia alikuwa ameinua mkono.

Kusikia si kujua, na kujua si kutenda. Tujipime hivi.

Mnahitaji: gorogoro tatu, mahindi na maharagwe. Hindi ni "ndiyo", haragwe ni "hapana". Wekeni gorogoro nyuma ya pazia, ili mtu asimwangalie mwenyekiti kabla ya kujibu. Hata asiyejua kusoma atashiriki. Katibu asome:

1. Mtu anaweza kuambukizwa malaria hapa hapa kwetu, bila kusafiri?
2. Mahindi yenye ukungu yakipikwa sana, sumu inaisha?
3. Baada ya mafuriko, maji ya kisima yakitulia na kuonekana safi, yanafaa kunywa bila kuchemsha?

Hesabuni na kuandika. Kwa mfano: watu 24, waliojibu sawa 9. Msichekane. Sasa fundishaneni.

Swali la 1: Ndiyo. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, na baridi imekuwa kinga yetu. Kijidudu cha malaria hukomaa ndani ya mbu. Chini ya nyuzi 18 hivi huchelewa sana, na mbu hufa kwanza. Joto likipanda, hukomaa upesi. Joto si sababu pekee, lakini linafungua mlango. Nasi wa nyanda za juu miili yetu haijaizoea malaria, kwa hivyo hata mtu mzima huugua vibaya. Ukiona homa, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.

Swali la 2: Hapana. Moto wa jikoni hauondoi sumu ya ukungu, yaani aflatoksini. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zao, mahindi yaliwekwa ghalani na unyevu. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Siku hizi mvua hutukuta tukivuna. Kausheni juu ya turubai, si juu ya udongo. Tieni mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, mtikise. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado hayajakauka.

Swali la 3: Hapana. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kwa hivyo mvua ikija huja kwa nguvu. Mafuriko hupeleka uchafu wa vyoo visimani. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Chemsheni.

Sasa pimeni matendo. Msiulize, "Una neti?" Ulizeni, "Jana usiku watoto wote walilala ndani ya neti?" Tena, "Homa ya mwisho nyumbani, mgonjwa alipimwa siku ya ngapi?" Andikeni.

Baada ya miezi mitatu rudieni maswali yale yale. Wale 9 wakiwa wamefika 20, ni vizuri. Lakini kama watoto wanaolala ndani ya neti hawajaongezeka, somo liko kichwani tu, halijafika kitandani.

Ya kujadili: Katika kikundi chetu, ni jambo gani tunalijua lakini hatulifanyi? Linazuiwa na nini: pesa, umbali, au mazoea? Nani atamsaidia nani wiki hii?